Bwana Laini na Mikanda ya Mawe ya Moto

Mvua ndiyo iliyomwingiza Bwana Laini kliniki, maana dhamiri haikuwahi kumwingiza mahali popote. Alikuwa anapita zake barabarani, viatu vimeng'arishwa, mbingu zikafunguka. Akasukuma mlango wa kwanza aliouona, akajikuta kwenye chumba cha kungojea cha kliniki ya mgongo.

Watu kama thelathini walikuwa wamekaa juu ya mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, kwa sababu aliyenunua samani za kliniki ile alikuwa na mgongo mzima. Wengine walikuwa wameegemea ukuta. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti, gazeti la michezo limetandazwa juu ya benchi mbele yake, utadhani anaziombea timu zote mbili.

Mtu mwingine angeona huruma. Bwana Laini aliona soko.

Huyu bwana alipewa jina hilo kwa ajili ya sauti yake. Kwa sauti hiyo alikuwa amewauzia wenye vipara mafuta ya kuotesha nywele, na kuwauzia watu wenye elimu zao viwanja ambavyo, mvua ikinyesha, vilihitaji mtumbwi. Alikuwa na sheria moja tu maishani, na aliiheshimu kuliko wengi wanavyoheshimu ndoa zao: ukishauza, jua la pili lisikukute mjini.

Mvua ilipokatika, biashara nzima ilikuwa imeshaiva kichwani. Mkanda wa kufunga kiunoni. Ndani yake, mawe yaliyotoka chini kabisa ya ardhi, kwenye moto wenyewe, yenye nguvu ya kuvuta maumivu. Kokoto hakukosa, nyuma ya kliniki palikuwa na jengo linajengwa. Alichokosa ni shahidi. Na shahidi wa mgongo, ili aaminike, anatakiwa awe na kovu.

Akamwendea mama mmoja aliyesimama peke yake dirishani, amenyooka kama mlingoti.

"Shikamoo mama. Mbona hukai?"

"Marahaba. Nikikaa dakika ishirini, kuinuka kunanichukua saa."

Wenzake pale kliniki walimwita Mama Vyuma. Alikuwa fundi cherehani, tena wa kutajwa, hadi kifua kikuu kilipoacha kifua na kwenda kula uti wa mgongo. Kilikula pingili mbili. Akameza vidonge mwaka mmoja na nusu, akapasuliwa, akafungwa vyuma viwili na skrubu nane. Ugonjwa ukaisha. Daktari akampa mkono wa pongezi, nyumbani wakafanya sherehe, na maumivu nayo yakahudhuria, yakakaa, na hadi leo hayajaaga.

"Umeshajaribu dawa nyingine?" Bwana Laini aliuliza, kwa ile sauti.

"Nimepakwa mafuta ya wanyama ambao nina hakika hawapo duniani," Mama Vyuma alisema. "Nimekanyagwa mgongoni. Nimeuziwa godoro la miujiza, na muujiza wake ulikuwa bei. Wewe unauza nini?"

Bwana Laini alimtazama kwa heshima. Ni nadra kukutana na mtu mwenye shahada ya juu katika fani yako. Akaamua kumwambia ukweli, au kiasi cha ukweli kinachotosha kuanzia.

Mama Vyuma alimsikiliza hadi mwisho. "Mikanda nitashona mimi," akasema. "Lakini sikai chini, kwa hiyo utanilipia mafundi wawili wa kunisaidia. Na vifaa nachagua mimi. Kitambaa kizito, mpira mzuri wa kuvutika, utepe wa kunata."

"Mama, ni mikanda ya siku moja hiyo. Ya nini gharama zote hizo?"

"Mkanda ukichanika mbele ya watu, mwanangu, utakamatwa kabla hujaufikia mlango."

Hoja ilikuwa nzito. Bwana Laini akatoa fungu lake lote la akiba, huku akijifariji kwamba hata mvuvi humpa samaki chambo.

Mazoezi walifanyia nyumbani kwa mdogo wake Mama Vyuma, katika chumba kidogo cha nyuma alichohifadhiwa tangu alipotoka hospitali. Mume wa mdogo wake alipita mara tatu mlangoni. Huyo shemeji alikuwa mtu wa maoni, na maoni yake kuhusu mgongo yalikuwa mafupi.

"Shemeji, naona leo umesimama vizuri," alisema. "Kumbe ukiamua, unaweza." Akaenda zake, ameridhika.

"Sasa," Bwana Laini alianza, "kwanza lazima uonekane unaumwa. Kunja uso. Lalama kidogo."

"Mwenye maumivu ya kweli hakunji uso. Akikunja uso, watu watamchoka mwezi wa kwanza tu."

"Basi tufanye sehemu ya pili. Umevaa mkanda, umepona. Tembea."

Mama Vyuma akatembea. Akatembea kwa wepesi, akageuka, akatabasamu, akanyanyua birika mezani, akamuuliza kama angependa chai. Bwana Laini aliyeishi kwa kuigiza tangu utotoni alihisi nywele zimemsimama.

"Umejifunzia wapi?"

"Hapa hapa. Kila mlo, miaka mitatu," Mama Vyuma alisema, akaliweka birika chini taratibu, vidole vimekakamaa kwenye mpini.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa kukodi ulijaa. Bwana Laini alivaa koti jeupe lenye kalamu nne mfukoni, kwa kuwa kalamu tatu ni za mhasibu. Alizungumza juu ya moto wa chini ya ardhi kwa ufasaha ambao ungeutia moto wenyewe aibu. Kisha Mama Vyuma akaja mbele kwa fimbo, hatua kwa hatua, bila kulalama, na ukumbi ukanyamaza wenyewe. Akageuka, mdogo wake akainua blauzi kidogo, kovu likaonekana, refu kama reli. Akafungwa mkanda. Dakika kumi baadaye aliiacha fimbo, akatembea toka ukuta hadi ukuta, akanyanyua ndoo ya maji.

Mikanda yote iliisha kabla ya adhuhuri. Shemeji mtu, aliyekuwa akisema maumivu ya mgongo ni jina la kitaalamu la uvivu, alisukuma watu wawili ili apate wake.

Bwana Laini alimkuta Mama Vyuma nyuma ya pazia, amelala juu ya sakafu ya saruji, magoti juu, jasho linamtiririka masikioni. Hakutoa sauti.

"Nimwite mtu?"

"Hapana. Dakika kumi. Usinishike."

Bwana Laini akasimama pale na koti lake. Kitu kilimbana kifuani, kitu asichokifahamu. Akadhani ni njaa, akaenda kula.

Alikuwa aondoke kesho yake alfajiri, kama sheria inavyosema. Lakini jioni ile shemeji alimfuata kwenye nyumba ya wageni. Kumbe alikuwa amepiga hesabu zake: angechukua mikanda mia moja kwa mkupuo, awe wakala, awauzie wavivu wote wa ofisini kwake kwa bei mara mbili. Pesa taslimu angeleta Jumanne. Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema, ila hawakusema mtu afanye nini mauti yakichelewa hadi Jumanne. Bwana Laini akabaki.

Jumanne saa nne asubuhi Mama Vyuma alikuja kuchukua ujira wake. Alikataa kiti, akasimama dirishani. Mkoba wenye mauzo yote ulikuwa juu ya kitanda.

"Naona watu wengi wanakuja huku," alisema.

"Watu gani?"

"Wale wa Jumamosi. Wameshika mikanda mikononi. Shemeji yuko mbele."

Bwana Laini akaunyakua mkoba. "Wana hasira?"

"Kutoka huku juu sioni nyuso. Lakini wanakuja haraka. Haraka sana, kwa watu wenye migongo kama yao."

Miguu mingi ikasikika ngazini. Dirisha la bafu lilikuwa jembamba; mtu alipita, mtu na mkoba hawapiti. Bwana Laini alifikiri kwa kasi aliyojivunia. Mbele yake palikuwa na mtu mwenye skrubu nane mgongoni. Angekimbilia wapi?

"Mama, shika huu. Sema hunijui. Tukutane stendi saa nane."

Akapita dirishani, akaning'inia kwenye bomba la maji, akaruka ukuta, akaacha kiatu kimoja kwa jirani. Stendi alikaa hadi saa kumi na moja. Mama Vyuma hakutokea. Bwana Laini alimhurumia, akajua wameshamkamata. Kwenda kumwokoa hakukumpitia akilini. Akapanda gari.

Miezi mitatu baadaye, miji miwili mbele, alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, ndevu zimejaa povu. Kinyozi aliinua mikono kufikia rafu ya juu, shati likapanda, na Bwana Laini akauona mkanda.

"Huo mkanda," alisema polepole, "umeutoa wapi?"

"Kule, nilikuwa nimekwenda kumsalimia dada. Kuna mama fundi anaitengeneza. Mimi nasimama kutwa, bwana. Kiuno kilikuwa kinakata moto saa tano. Sasa nafika saa tisa."

"Mawe hayakuchomi?"

"Mawe gani?" Kinyozi alicheka, akafungua utepe, akaonyesha ndani. Vibao vinne vyembamba vya plastiki, vimepindwa kufuata mgongo. "Mama alikatiwa kiolezo na mtaalamu wa viungo pale kliniki. Na kila mkanda una karatasi. Soma."

Bwana Laini akasoma. *Mkanda huu hauponyi. Unasaidia kusimama. Vaa saa mbili, vua, fanya mazoezi. Ukichanika, niletee.* Chini yake, anwani. Alikuwa ameuza mikanda mia mbili na hakufungua hata mmoja.

"Siku ya kwanza kulikuwa na mwongo mmoja jukwaani anapiga kelele za moto," kinyozi aliendelea, akinoa wembe. "Lakini Jumapili mama akatuambia Jumanne saa nne twende nyumba ya wageni, kuna bwana ametoa mtaji wake wote, tukamshukuru. Tukaenda kundi zima, mwingine ameshika agizo la mikanda mia. Tukamkuta mama tu, na mkoba. Akasema bwana yule hapendi kusifiwa, ameondoka. Akaturudishia nusu ya bei pale pale, kwamba ilizidi. Kwa iliyobaki akakodi chumba chake, akanunua meza ndefu ya kusimamia. Hakai tena kwa shemeji yake."

"Na yeye? Amepona?"

"Nani kakwambia wanapona? Anafanya kazi saa moja, analala sakafuni dakika kumi, anainuka. Ukimkuta amelala, unangoja. Hakuna anayemuuliza."

Bwana Laini alipiga hesabu chini ya povu lake. Kwenda polisi? Angeshtaki nini, kwamba amelazimishwa kuuza bidhaa halali? Kuna kitu kilimpanda kooni, na kabla hajakizuia kikatoka, cha kwanza cha aina yake katika miaka arobaini na moja.

"Bwana yule wa mtaji," alisema, "ni mimi."

Kinyozi alimwangalia kwenye kioo, akamtazama kuanzia povu hadi viatu visivyofanana, akampigapiga begani kwa upole.

"Wewe ni wa tano mwezi huu, kaka," alisema. "Inua kidevu."