Kalenda Niliyoisoma Kama Chati ya Macho

Leo nimejianika mbele ya wazazi wa Gredi ya Tano, na sijui nitarudi kwa hiyo shule na uso gani.

Daktari wa macho alikuja kupima watoto shuleni, hapa Kisaju, na wazazi kadhaa tukaitwa. Mimi nilikwenda na hasira zangu. Miaka miwili sasa binti yangu Mumbua ananakili vitu nusunusu kutoka ubaoni, na miaka miwili namwita mvivu. (Nimemnyima hata kucheza. Kila jioni ni kitabu tu.)

Nikingoja mlangoni, niliwasikia watoto wakisoma herufi za chati kwa zamu. Walizirudia mpaka nikazishika kichwani.

Nikaitwa ndani. "Mama Mumbua," mwalimu akasema, "mtoto haoni mbali. Na si yeye peke yake. Daktari anasema siku hizi ni watoto wengi, dunia nzima."

"Haoni? Kwetu hakuna mtu amewahi kuvaa miwani! Huyu ni uvivu tu, mwalimu. Hebu niwaonyeshe!"

Nikaenda kuketi kwenye dawati la Mumbua, nyuma kabisa. Nikaziba jicho moja. Ukutani kulikuwa na karatasi nyeupe, na ukungu. (Nikasema ni vumbi.) Lakini ningerudi nyuma vipi, wazazi wote wananitazama? Nikazimwaga zile herufi za kichwani, moja moja, kwa sauti ya kusomea Biblia kanisani.

Daktari akatazama ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Mama," daktari akasema polepole, "chati niliitoa ukiongea na mwalimu. Hiyo ni kalenda ya duka la agroveti."

Weh! Baba mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu alijificha nyuma ya rejista. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mumbua alikuwa amesimama kando yangu, amekunja macho, anatazama ukutani.

"Kwani hiyo si chati, Mum?"

Hapo nililia. Miaka miwili! Mtoto wangu alikuwa akitazama ukungu uleule, na mimi namrushia maneno. Daktari ametuandikia miwani sote wawili, lakini zile jioni nilizomnyima hakuna daktari wa kuzirudisha.

Mkitaka kucheka, chekeni kwa sauti. Angalau nijue mko upande gani, maana kwa mbali siwaoni.