Agosti ya Fushagur Yaongezewa Muda

Baraza la Mji wa Fushagur lina furaha kuwatangazia wananchi wote, walio nyumbani na walio ughaibuni, kwamba mwezi wa Agosti umeongezewa muda. Mwezi huo, ambao kwa mazoea huisha tarehe thelathini na moja bila kushauriana na mtu yeyote, utaendelea hadi itakapotangazwa vinginevyo. Wananchi wanaombwa kuupa ushirikiano.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi za mji na kusomwa kwa kipaza sauti uwanjani. Mwandishi wake alikuwa Zenel Kaçorri, Mkuu wa Idara ya Takwimu, mtu mpole wa miwani na shati lililonyooka, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kuongeza hata nukta bila idhini.

Ieleweke kwamba uamuzi huo haukuzuka tu kama uyoga. Serikali kuu kule Tirana, mji mkuu, ilikuwa imeamua kuipima miji ya nchi, ione ni upi unaokua kiuchumi kwa kasi kuliko mingine. Meya wa mji utakaoongoza, ilinong'onwa, angevishwa uwaziri. Na Fushagur ulikuwa mji mkubwa kweli kweli, ila kwa mwezi mmoja tu kila mwaka. Agosti ilipofika, watoto wake walirudi kutoka Ujerumani, Uswisi na Italia. Magari yaliziba barabara, mikahawa ikaazima viti shuleni, misafara ya arusi ikapigana vikumbo njia moja, na kila nyumba ikaongezwa ghorofa. Septemba ilipoingia wakaondoka, wakabaki wazee, paka, na Idara ya Takwimu.

Wapimaji walitarajiwa mwishoni mwa Septemba.

Meya aliitwa Përparim Balozhani. Kwa lugha ya kwao Përparim ni Maendeleo, jambo alilolikumbusha katika kila hotuba. Siku ya uamuzi huo aliinamia kwa huzuni mchoro wa Zenel wa uchumi wa mwaka uliopita. Mstari ulipanda Agosti kama mnara, ukaporomoka Septemba kama mbuzi aliyekosea kukanyaga mlimani.

"Zenel," alisema, "mji hauumwi. Ugonjwa ni Septemba."

"Septemba ni ya nchi nzima, Mheshimiwa."

"Nani kaileta?"

Zenel alifikiri. Hakukuwa na hati yoyote iliyoonyesha nani kaileta.

"Baraza letu lina mamlaka juu ya siku za soko, siku za sherehe na mambo mengineyo ya msimu. Ndivyo sheria inavyosema, au naota? Sasa Agosti ni nini kama si jambo la msimu?"

"Ni la msimu, Mheshimiwa."

"Basi kaandike."

Madiwani waliipitisha hoja kwa kauli moja. Ni diwani mmoja tu ambaye hakupiga kura, kwa sababu alikuwa likizoni. Ilikuwa Agosti.

Siku ambayo kwingineko duniani ilikuwa Septemba mosi, Fushagur uliamkia tarehe thelathini na mbili Agosti, hali ya hewa nzuri. Mchana Zenel alikwenda nyumbani kula, akamkuta mdogo wake Ramiz anapakia gari. Ramiz alikuwa fundi wa vigae kule Stuttgart, na kila mwaka siku kama hiyo alisheheni mitungi ya pilipili za siki, jibini na chupa za raki, pombe kali ya kwao, akaondoka huku mama yao akipunga mkono hadi gari lipotee kwenye kona. Safari hii mama yao, Hajrie, alikuwa ameweka kiti mbele ya gari, ameketi, anachambua maharage.

"Mama, sogea kidogo," Ramiz alisema. "Nina safari ya siku mbili."

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kazini."

"Agosti hii?"

Ramiz akageuka. "Kaka, hebu mwambie."

Zenel alijikuna shingo. Kama mwana, alijua la kusema. Kama Mkuu wa Idara, mikono yake ilikuwa imefungwa. "Kiserikali," alisema, "Mama yuko sahihi."

"Mimi nina bosi, na bosi ana kalenda yake."

"Mpigie simu," mama alisema bila kuinua macho kwenye maharage. "Mwambie kaka yako kaandika na muhuri kagonga."

Ramiz alipiga ili tu kumridhisha. Aliongea Kijerumani kwa muda mrefu, uso wake ukienda ukibadilika. Kisha akafunika simu kwa kiganja. "Anauliza kama huo muhuri ni wa duara."

Ulikuwa wa duara. Zenel alilipiga picha tangazo, lenye mihuri miwili na sahihi nne, likatumwa. Yule Mjerumani hakuelewa neno hata moja, lakini muhuri ni muhuri. Akatoa ruhusa ya wiki mbili.

"Haya," mama alisema, akisogeza kiti. "Shusha pilipili."

Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imezagaa mji mzima. Watu walijipanga Idara ya Takwimu kuomba nakala, na Zenel akagonga mihuri mpaka kiganja kikamvimba. Magari karibu nusu hayakuondoka. Usiku huo wana wote wawili wa Hajrie walikula meza moja katika msimu ambao kwa miaka mingi mmoja wao alikuwa akila amesimama kwenye kituo cha mafuta. Takwimu hazina safu ya mambo kama hayo.

Changamoto ndogo ndogo za utekelezaji zilijitokeza. Shule hazikufunguliwa, kwa kuwa hufunguliwa Septemba, na watoto wakaandamana mitaani wakibeba picha ya Meya bila kulipwa na mtu. Mishahara hulipwa mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa hauna mwisho. Ikaundwa Kamati ya Septemba ya Sehemu, ya kuamua ni mambo gani yahesabiwe kuwa yamefika Septemba, ambayo baada ya vikao vizito iligundua kwamba watumishi wanaweza kulipwa malipo ya katikati ya mwezi kila itakapobidi, maana mwezi mrefu una katikati nyingi. Mshahara wa Meya peke yake, kwa mujibu wa sheria, hulipwa mwisho wa mwezi tu. Përparim alicheka. Yeye aliishi kwa kodi ya pango. Nusu ya maduka ya barabara kuu yalikuwa yake, kwa jina la mama mkwe wake.

Siku chache baadaye hakucheka. Mkusanya kodi alirudi mikono mitupu, na Meya akamchukua Zenel, wakaenda wenyewe kwa Lumturie, mwanamke mnene mcheshi aliyeuza byrek, sambusa za kuoka, moto moto kwenye kona. Watu walikuwa wamejaa mlangoni wakisubiri sinia litoke kwenye tanuri.

"Lumturie, dada yangu," Meya alisema kwa sauti ya chini. "Ile kodi."

"Ya mwezi gani, Mheshimiwa?"

"Ya mwezi huu… unaofuata."

"Ya Agosti nililipa. Ya Septemba nitalipa Septemba mosi, kama mkataba unavyosema. Sijawahi kuchelewa hata siku moja, muulize mama mkwe wako."

"Lakini siku zimekwenda, dada."

"Zimekwenda, nami nimezishangilia. Au unataka niseme hapa mbele za watu kwamba ni Septemba? Na hao wapimaji wakinisikia?"

Mlangoni watu walianza kukohoa, kikohozi cha watu wanaozuia kicheko. Meya alinunua byrek moja ya mchicha, akatoka.

"Zenel," alisema nje, akipuliza byrek, "Agosti haiwezi kwisha upande wa kodi tu?"

"Kamati ililijadili hilo, Mheshimiwa. Ikiisha kwa mpangaji, imekwisha kwa mwanafunzi."

Wapimaji walifika. Walikuwa wachumi watatu, na kuvuka mji tu kuliwachukua asubuhi nzima. Waliingia arusini wakidhani ni ofisi ya kodi, wakacheza ngoma hadi soli zikabanduka, na mmoja wao akaponea chupuchupu kuchumbia. Ripoti yao ilisema Fushagur unakua kwa kasi isiyo na mfano katika historia ya uchumi wa nchi, na kwamba nyama ilikuwa laini.

Simu ikalia kutoka Tirana. Përparim Balozhani ameteuliwa Waziri wa Ukuaji wa Miji, aapishwe mwanzoni mwa Oktoba. Lililobaki ni jambo dogo la kiutaratibu. Ajiuzulu umeya, na barua yake, kwa mujibu wa sheria, itaanza kutumika mwisho wa mwezi ilimoandikwa.

Përparim aliiandika huku akiimba. Zenel aliisoma, akavua miwani, akaifuta.

"Nini tena?"

"Imeandikwa Agosti, Mheshimiwa."

"Sasa?"

"Itaanza kutumika mwisho wa Agosti."

Barabarani honi za arusi zililia, zikaitikiwa na honi za arusi nyingine.

"Tangaza vinginevyo," Meya alisema.

"Ni lazima Baraza likae."

Baraza lilikaa kesho yake. Viti vya wananchi vilijaa wapangaji na watoto, na mstari wa mbele walikaa kina mama, Hajrie katikati yao, anafuma soksi. Hakuna aliyepiga kelele. Waliwatazama tu madiwani, mmoja mmoja, na kila diwani alikuwa ama mpangaji wa Meya ama mtoto wa mmoja wa wale mama. Përparim alihutubia kwa uchungu juu ya uzuri wa Septemba, zabibu zake na upepo wake. Kura zikapigwa. Agosti ikabaki.

"Ulitufundisha mwenyewe, Mheshimiwa," diwani mzee alimwambia kwa upole. "Maendeleo hayarudi nyuma."

Tirana hawakusubiri. Uwaziri ulipewa Ndue Prendushi, meya wa mji wa ng'ambo ya mto. Mji wake ulishika mkia katika vipimo, lakini ulikuwa na kalenda. Na kama kazi yake ya kwanza, Waziri Prendushi alikuja Fushagur, akamkumbatia Përparim mbele ya kamera, akatangaza kwamba Agosti ya Fushagur kuanzia leo ni rasilimali ya taifa. Haitamalizwa na yeyote bila sahihi ya Waziri. Mwasisi wake asibanduke, abaki kuilea.

"Ndue," Përparim alinong'ona wakiwa bado wamekumbatiana, "mpaka lini?"

"Tulia, ndugu yangu," Waziri alimnong'oneza, akitabasamu upande wa kamera. "Septemba ikipatikana nitakujulisha."

Subira ya yule Mjerumani iliisha siku moja, kwa barua ya adabu. Ramiz aliijibu kwa adabu vilevile. Alikuwa na vigae vya kuweka katika nyumba za mtaa mzima, na wenye nyumba walikuwepo, wanamsubiri. Lumturie alifungua tanuri la pili. Zenel alipochora mstari wa robo ya mwisho ya mwaka, mkono wake ulijiandaa kushuka kama ulivyozoea, lakini mstari ukakataa. Alihesabu upya, akaona hakuna alichodanganya. Akacheka peke yake ofisini, jambo ambalo Idara haikuwa na utaratibu wake.

Alimpelekea Meya mchoro. Përparim alikuwa amekaa na koti zito begani, mikono ameinyoosha juu ya jiko, anaota moto.

"Nipe habari, Zenel."

"Njema tu, Mheshimiwa. Agosti inazidi kukua."

Meya alikuwa anatazama dirishani, ambako theluji ya kwanza ya Agosti ilianza kuanguka, taratibu, juu ya magari yenye namba za Stuttgart.