Kikanisa cha Bwana Muda

Uongozi wa Chuo Kikuu cha Upeo, Kinyerezi, unayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba mwanzilishi wa kikanisa chetu amepatikana. Anaitwa Muda.

Ugunduzi huu ni wa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Ferdinand, ambaye siku ya mvua alitazama juu ya mlango wa kikanisa akasoma ubao uliochongwa: JENGO LA MUDA. Nilikuwepo, kama karani wa Kamati ya Historia na Usanifu, mwanangu Tusajigwe mgongoni. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, kwa hiyo kila neno nililiandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, ule wa masomo ya jioni.

Usanifu wa Bwana Muda ni wa hali ya juu. Ukuta wa mashariki umeinama, kwa unyenyekevu. Matofali yameachiwa matundu, ili nuru iingie bila kuomba ruhusa. Dari hakuna, kwa hiyo mvua ikipiga bati mahubiri husitishwa na waumini hutafakari. Nguzo nne hazifanani hata mbili, jambo ambalo Profesa amelieleza kwa kurasa kumi na mbili.

Kamati ilimwita Mzee Mwishehe, mchongaji wa Mwenge, atoe ushahidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Tusa. Huo ubao mie ndo niliuchongaga. Waliniambia hili banda la muda tu, kanisa lenyewe linakuja."

"Huyo Muda ulimwona kwa macho?" Profesa akamuuliza.

"Muda unaonekanaje, Profesa?"

"Andika," Profesa akaniambia. "Shahidi hakubahatika kumwona mwanzilishi."

"Jamani! Si Muda! Muda! Muda!"

"Andika pia: shahidi alimtaja mara tatu, kwa hisia."

Nikaandika.

Ndipo likapitishwa Azimio Namba Nne, alilolitunga Profesa mwenyewe akiwa amesimama: "Kila kilicho cha Muda, na kila aliye wa Muda, ni urithi wa chuo na hakitaondolewa wala hataondolewa kamwe." Akatia saini, akagonga muhuri. Bamba la marumaru likazinduliwa ukutani mbele ya mgeni rasmi, ule ukuta mnyenyekevu ukaegemezwa gogo kwanza.

Wiki iliyofuata zikaja barua. Watumishi wote wa muda, mikataba imefika mwisho, ahsanteni kwa ushirikiano. Wafagizi sita, walinzi watatu, na mie. Tusajigwe alikuwa ameshaanza kuila ya kwangu nilipomnyang'anya nikaenda nayo ofisini kwa Profesa.

"Shikamoo, Profesa. Mie ni karani wa Muda."

"Najua. Ndo maana unaondoka."

"Azimio Namba Nne, Profesa. Aliye wa Muda haondolewi."

"Aa, mama! Huo ni muda mwingine!"

"Kwani wako wangapi? Nirekebishe historia? Nimwite Mzee Mwishehe aje kulibandua bamba?"

Profesa akatazama dirishani. Bamba lilikuwa linang'aa. Jina lake lilikuwa chini ya la Bwana Muda, kwa herufi kubwa zaidi.

Akasaini. Sote kumi sasa ni watumishi wa Muda wa kudumu, na Tusajigwe amepata mahali pa kutambaa.

Lakini heshima hiyo ilimkera Profesa. Akaliandikia Baraza la Chuo kwamba yeye, mgunduzi wa mwanzilishi, hawezi kupitwa na wafagizi. Naye aitwe Makamu Mkuu wa Chuo wa Muda. Barua niliichapa mwenyewe, bila kosa hata moja. Baraza, ambalo hukutana mjini na halijasoma historia yetu, lilimkubalia siku hiyohiyo. Jumatatu nafasi yake ikatangazwa gazetini.

Mzee Mwishehe ameshaagizwa ubao wa mlango wa ofisi. Alinipigia kuuliza hiyo "Muda" aianze kwa herufi kubwa au ndogo. Nimemwambia achonge zote kubwa, kama ule wa kwanza.