Namba Tano Nukta Sifuri kwa Mvi za Mama

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba

Washenga wanakuja Jumapili! Mama yake Odil na shangazi yake. Dada yangu Munojat amevunja vikombe viwili kwa furaha. Alisoma na Odil chuo cha ufamasia na hamtaki mwingine. Mwaka huu nyumba mbili zimeshakuja kumtazama. Walikunywa chai, wakasifu zabibu zetu, na mkate ukabaki mzima mezani. Mkate ukivunjwa, posa imekubaliwa. Ukibaki mzima, kwaheri. Odil anakwenda kazini Korea mwezi ujao, na mama yake ameapa hataondoka bila mchumba, awe wa kwetu au wa kwingine.

Kasoro yetu nimeigundua mimi. Hapa mjini Margilan watu husema mtazame mama ndipo umchukue binti. Nimemtazama Mama. Mvi! Panja zote mbili, na mstari mweupe utosini kama barabara mpya. Gavhar, anayekaa dawati la mbele yangu, aliniuliza darasa zima likisikia eti yule bibi aliyekuja kwenye kikao cha wazazi alikuwa mzaa mama au mzaa baba. Nikafungua daftari, nikaandika: mvi.

Uamuzi: rangi ya kudumu, ya kitaalamu, saluni. Mama akasema niondoke hapo, ana ushungi wake. Nikamweleza kwa adabu kwamba ushungi hauzibi panja. Akanyamaza. Kwa Mama, kunyamaza ni nusu ya ndiyo.

Jumanne, tarehe 3 Oktoba

Nimekwenda saluni kwa Dada Hurshida, msusi wa mtaani, baada ya shule, na daftari. Ana kitabu chenye vishungi vya nywele, kila kimoja na namba yake. Namba ya kwanza ni kina cha rangi: moja ni nyeusi kabisa, kumi ni kimanjano cheupe. Ya pili ni mng'ao: mwekundu, wa dhahabu, wa majivu. Sifuri ni rangi ya asili. Nywele zenye mvi nyingi lazima zipate sifuri, la sivyo zitang'aa kama sufuria. Nimeandika yote kwa wino wa bluu.

Mimi nilipenda namba moja, nyeusi ya kunguru. Dada Hurshida akacheka. Akasema, mama mwenye miaka arobaini na minane ukimpa kunguru, uso wote unabaki makunyanzi. Akachagua tano nukta sifuri, kahawia ya lozi. Nimekubali. Mtaalamu huheshimiwa.

Kisha akauliza kama Mama amewahi kutia hina na basma, ule unga wa majani unaoleta weusi juu ya hina. Akasema rangi ya dawa haipatani na basma hata kidogo. Kama ipo, hagusi. Nikasema nitauliza.

Nimeuliza. Mama akashika kiuno. Akasema nimwambie Hurshida nywele zake ni kama Mungu alivyoziumba, na saluni ile ina masikio yanayofika mpaka kwa kina Odil. Mama hajawahi kukiri basma mbele ya mtu. Ninayemkorogea ni mimi, kila sikukuu, katika bakuli la kijani.

Nimefikiri sana. Mwalimu wetu hufundisha kwamba ukweli ni taa. Lakini hakusema iwashwe siku gani.

Jumatano, tarehe 4 Oktoba

Kikwazo! Nimefikisha ujumbe wa Mama, lakini Dada Hurshida anataka vipimo viwili. Cha kwanza, tone la rangi nyuma ya sikio la Mama, lingojewe saa arobaini na nane, ili ijulikane kama ngozi itawasha. Hilo sawa, tumelitia leo asubuhi na Mama hajikuni. Cha pili, kishungi cha nywele za Mama akitie dawa kwanza aone kinavyokuwa.

Nywele za Mama zitasema yote. Zangu hazina mvi. Basi nikamwona Bibi amesinzia barazani, mdomo wazi, ushungi umeteleza. Bibi aliacha kupaka chochote tangu arudi Makka. Nywele nyeupe safi, kama pamba! Mkasi ulisema kwach mara moja tu. Bibi akaniuliza, macho yamefumba, kama ni panya. Nikasema ndiyo, Bibi.

Jioni Dada Hurshida amenionyesha kishungi. Kahawia ya lozi, inang'aa, hakuna mvi hata moja. Akasema Mama ana nywele nzuri ajabu. Nikashukuru kwa niaba ya familia.

Ijumaa, tarehe 6 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Mama alikaa kitini saa tisa. Dada Hurshida akapaka mizizi kwanza, kisha urefu wote. Tulingoja dakika arobaini. Mama alikunywa chai na kusema kwa mara ya kwanza kwamba labda nina akili. Naliandika hapa lisisahaulike.

Kisha nywele zikaoshwa. Mizizi: kahawia ya lozi, kama kitabuni. Kuanzia masikioni kwenda chini: kijani. Si kijani cha kubahatisha. Kijani cha birika la shaba lililosahauliwa uani.

Dada Hurshida akafunga maji. Akasema neno moja tu: basma. Mama akanitazama. Mimi nikatazama kalenda. Dada Hurshida akasema hatii dawa nyingine juu ya hiyo, nywele zitakatika kama tambi. Mafuta, na wiki tatu za kungoja. Akaniuliza kile kishungi nilikitoa kichwa gani. Nilisema.

Nyumbani Baba alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akasema kwa upole kwamba mwaka huu majani yamechelewa kukauka. Bibi amegundua pengo kwenye nywele zake na anamwekea panya mtego.

Munojat hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa kitandani akikunja na kukunjua nguo aliyoishona kwa ajili ya Jumapili. Akaniambia, "Shohsanam, mimi mvi za Mama zilikuwa hazinisumbui. Ulimuuliza nani?"

Sikuuliza mtu.

Jumapili, tarehe 8 Oktoba

Nimeamriwa kumimina chai na kufunga mdomo. Mama alifunga ushungi mara tatu. Alikaa wima kama mlingoti. Mama yake Odil ni mwanamke mnene, mpole, mwenye macho yasiyoacha kitu. Alisifu chai. Alisifu komamanga. Mkate ulikaa katikati, mzima.

Kisha Mama akainama kumpa mgeni lozi, na msuko ukaponyoka nyuma ya ushungi. Ukatua mkekani, wote, mpaka ncha.

Shangazi yake Odil akakohoa. Mama yake Odil akauliza taratibu, "Dada yangu, hii ndiyo fasheni?"

Mama hajawahi kukiri. Aliniangalia, akamwangalia Munojat. Halafu akasema, "Ni basma, mwenzangu. Miaka kumi naficha mvi. Juzi nikamdanganya mtu wa saluni, na haya ndiyo malipo."

Birika lilichemka peke yake.

Mama yake Odil akasema mwezi huu ameingia nyumba saba. Saba! Kote mabinti hawajawahi kuugua, mama hawajawahi kuzeeka, baba hawajawahi kukasirika. Akasema alikuwa anarudi kwake kila jioni hajui amekutana na nani. Akanyoosha mkono, akauchukua mkate, akauvunja.

Munojat alikimbilia jikoni. Nilimfuata. Akanikumbatia kwa nguvu, kisha akanifinya, kwa nguvu ileile.

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba

Harusi ni mwisho wa mwezi. Nimetafakari yaliyotokea kwa makini, kama tulivyofundishwa. Bila kijani, Mama asingesema. Bila kusema, mkate usingevunjika. Bila mimi, kusingekuwa na kijani. Hesabu haina kosa.

Nimemweleza Gavhar. Akasema mimi ni balaa. Huo ni wivu.

Jambo moja limebaki. Masharubu ya Baba yana mvi upande wa kushoto, na picha za harusi hudumu maisha. Dada Hurshida ametupa kwenye kapu la taka tyubu ya rangi ya tano nukta sifuri iliyobaki nusu, nami nimeiokoa. Saa arobaini na nane za kupima ni nyingi mno. Baba hulala saa nane mchana, na hulala chali.

Sijamuuliza kama huwa anapaka kitu. Kuuliza ndiko kulikotuchelewesha mara ya kwanza.