Jinsi Nilivyomwokoa Mkamwana Wangu na Chakula

Jumatatu, 8 Septemba
Bismillahi. Mkamwana wangu Batula ana mimba ya miezi saba, na anakula kama aliyetoka Marsabit kwa miguu. Hatari! Mama zetu malishoni walijinyima miezi ya mwisho, ili mtoto awe mdogo na atoke bila taabu. Nimeazimia kumwokoa. Maziwa ya ngamia na maini yatapita kwangu kwanza.

Jumatano, 10 Septemba
Nimekunywa kibuyu kizima kwa niaba yake. Maini pia, ingawa nilikwisha kushiba. Mke wangu Kaltuma alitazama, kisha akauliza kwa upole, "Baba Jirma, na uchungu wa kuzaa utausikia wewe?" Wanawake hawaoni mbali.

Jumanne, 16 Septemba
Kliniki. Nesi Wamucii alimpima Batula mkono kwa utepe, kisha tumbo. Alinieleza kwamba mama amekonda na mtoto hakui inavyopasa. Kwamba mtoto hujengwa kwa anachokula mamaye, na azaliwaye mdogo mno huanza maisha akiwa dhaifu. Nilimjibu kwamba atakulia nje, kwenye nafasi. Akanitazama kiunoni. "Mzee, wewe ndiye unaongezeka vizuri." Nilimshukuru.

Nyumbani Batula aliniuliza kama mtoto wake ataishi. Nilimwambia amtegemee Mungu. Nikashindwa kumaliza maziwa. Nilimaliza baadaye.

Alhamisi, 18 Septemba
Kaltuma ameleta ombi jema: Batula aende kila alasiri kwa jirani yetu Sabdio kusoma Qur'ani. Nimekubali papo hapo. Mbali na jiko!

Jumamosi, 11 Oktoba
Batula anarudi masomoni mashavu yaking'aa. Nuru ya elimu! Nimempunguzia ugali nusu. Hakulalamika. Alisema ameshiba.

Ijumaa, 14 Novemba
Alhamdulillahi! Mjukuu wa kike, kilo tatu na nusu, sauti yake inafika hadi mtaa wa Chechelesi. Batula mzima. Kaltuma amekiri: kwa Sabdio msahafu haukufunguliwa kabla ya sahani kwisha. Maini, mayai, maharagwe, kila siku! Nimemsamehe. Bila mpango wangu, mtoto angefika kilo saba.

Sasa nesi asema anayenyonyesha ale hata zaidi. Zaidi! Maziwa mazito yatamsakama mtoto. Mbuzi amechinjwa, supu imeletwa. Nimeanza nayo mimi.