Maana Kwanza, Futari Baadaye

Jumatano, 12 Mei 1954. Mikindani.

Jamvi langu limehamwa! Kila Ramadhani wanaume wa mtaa huu hufuturu barazani kwangu, kila mmoja na sinia lake kutoka nyumbani. Leo wamevuka njia, wakaketi kwa Ismaili, fundi cherehani. Nimebaki na Mohamedi, ambaye ni kiziwi. Nikamweleza tofauti: chakula hushibisha, kitoweo hukisindikiza chakula kooni. Akaitikia kwa kichwa. Mtu mwenye akili.

Mke wangu Mwanahawa anasema kosa ni langu. Watu wamefunga kutwa, adhana ya magharibi ikilia, mimi ndiyo kwanza nafungua somo. Ati niwaache wale kwanza. Upuuzi! Sababu ni pweza wa Ismaili.

Alhamisi, 13 Mei.

Dukani kwa Hakimuddin. Kila mwaka hutoa kikapu cha tende kwa jamvi moja, na mwenye jamvi hilo huitwa baba wa mtaa mpaka Ramadhani nyingine. Siku zote ni mimi. Nikamkumbusha. Akajibu kwamba atapita Jumatatu, na tende zitakwenda penye watu. Nikamfafanulia kwamba watu si wingi, ni ubora. Akaendelea kupima sukari.

Jioni nikachungulia kwa Ismaili. Wanacheka! Huyo hawezi kukutenganishia chakula na riziki. Anasema Bismillahi, anagawa tende, basi.

Jumamosi, 15 Mei.

Nimepata dawa. Nilinunua pweza mnene, Mwanahawa akampika kwa nazi, na wali wa mchele uliotoka Kilambo. Harufu ikavuka njia. Wote wakarudi, hata Abdallah, mchochezi wao.

Adhana ikalia. Nikasimama. Nikasema, kabla hatujagusa kitu, tujiulize futari ni nini. Kutoka futari nikaingia daku, kutoka daku nikafika kwenye ming'oko, mizizi ya porini iliyotulea sisi wa kusini njaa ilipobisha hodi. Abdallah akauliza kama leo tunafuturu au tunafanya mtihani, kisha akasema anakwenda kutawadha. Shabani naye. Nilipoinua macho, yupo Mohamedi tu. Sinia la pweza halipo! Nikaliona ng'ambo, kwa Ismaili. Jeupe, limekombwa.

Jumatatu, 17 Mei.

Nimevuka njia mwenyewe. Kupeleleza tu. Ismaili akaniamkia shikamoo Mwalimu, akanipisha mahali pake, akanipa tende ya kwanza. Nikala. Pweza wake, nakiri, ni laini.

Tulipokwisha kunawa, Shabani akaniomba niwamalizie ile habari ya ming'oko. Wakanisikiliza mpaka adhana ya Isha! Abdallah, yule yule, akauliza maswali mawili ya maana. Hakimuddin akapita, akaona watu, akaweka kikapu mbele ya Ismaili. Ismaili akakisukuma kwangu. Akasema kesho wote watafuturu kwa Mwalimu, kama zamani.

Jumanne, 18 Mei, asubuhi.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Wamenisikiliza vile wakiwa wameshiba, wanasinzia. Je, wakiwa na njaa!

Leo nitaanza adhana ikinyamaza tu, tangu shina lenyewe: maana ya kula. Kikapu nimekificha uvunguni mwa kitanda. Tende zitatoka somo likiisha.

Mwanahawa ameniuliza apike kwa watu wangapi. Kabla sijajibu, akachukua sufuria ndogo. Akasema inawatosha Mwalimu na Mohamedi.