Kidole Kimoja Chini ya Mkanda

Jumatatu, 3 Juni
Nimenunua saa janja. Dada yangu, tunayeshona naye, ameuliza ya nini. Nikamwambia ya afya: inahesabu hatua na mapigo ya moyo. Akasema mtu anayeshinda kwenye cherehani hana hatua za kuhesabiwa.

Hajui kitu. Nimeinunua kwa ajili ya bibie wa duka la saa, mtaa wa pili. Alinifunga mkanda wa mpira, kisha akapitisha kidole kimoja kati ya mkanda na mkono wangu. Kidole kikipita bila kubanwa, akasema, mkanda umekaa. Miaka kumi na tisa napima watu mabega na viuno. Hakuna aliyewahi kunipima mimi. Mapigo: 118.

Jumanne, 4 Juni
Mpango. Mpira una kasoro moja nzuri, unatunza jasho. Nimeshinda nao karibu na pasi ya moto, sikuuvua hata kuoga. Jioni mkono ulikuwa mwekundu kidogo tu. Nikausugua kwa kitambaa kikavu.

Jumatano, 5 Juni
Mkono umeumuka. Unawasha hadi kiwikoni. Nikaenda dukani na furaha tele. Bibie alisikitika kweli, akasema mpira hauna ubaya ukioshwa na kukaushwa, na nisivae saa siku tano. Siku tano! Wala hakunigusa, kwa sababu ya upele. Mwalimu mmoja wa mazoezi alikuwepo, anachagua mkanda wa nailoni. Yeye alipitishiwa kidole mara mbili. Nilihesabu.

Nimerudi nikashona mkono wa kushoto wa koti upande wa kulia.

Jumatatu, 10 Juni
Nimepona. Leo mkanda wa ngozi. Bibie anasema ngozi hulainika kadiri unavyoivaa, ila maji na jasho huiharibu. Tundu la tatu lilibana, la nne likalegea kidogo. Kidole kilipita, kikakaa. Nikajitia nasikiliza habari za ngozi. Ghafla saa ikalia: mapigo 131, kaa chini upumue. Bibie akaniletea kiti na maji, akaniita kaka. Hilo neno linanichoma mpaka sasa. Mwalimu wa mazoezi akanishauri nimwone daktari.

Alhamisi, 13 Juni
Ngozi nimeilowesha kwenye beseni, ikanuka vizuri kabisa. Leo chuma. Hakishiki jasho, lakini kizito, na kinang'oa vinyweleo. Bibie alitoa pingili mbili za mkanda ili kinitoshe. Dakika kumi na moja mkono wangu ulikuwa mikononi mwake. Nilitamani pingili zingekuwa arobaini. Nilitaka kumwambia asiuachie. Nikamwambia chuma kinang'aa.

Akauliza kazi yangu. Nikamwambia. Akasema ana gauni linalomsumbua kiunoni. Nikasema alete tu.

Jumamosi, 15 Juni
Nimechemka, mpango umeharibika. Nililalamikia vinyweleo, akanifunga mkanda wa kitambaa wenye kunata. Mwepesi, unakauka upesi, unaukaza na kuulegeza mwenyewe. Akasema huu utanitosha siku zote, mkono ukivimba au ukipungua, sitahitaji kurudi. Alilisema taratibu, akanitazama usoni. Nikasema asante.

Ni mzuri kweli, na ndio uchungu wenyewe. Siusikii kabisa mkononi.

Jumatatu, 17 Juni
Bibie amekuja na gauni la kijani. Kiuno sentimita 74. Kazi ni kazi. Nimelipunguza palepale. Ameniita fundi wangu, kama wateja wengine.

Jumatano, 19 Juni
Amerudi. Eti linabana. Nikampima tena: 74. Nikalilegeza.

Ijumaa, 21 Juni
Amerudi tena! Eti linapwaya. Nimepima: 74. Wateja wengine wana visa. Dada alicheka mpaka akaunguza kola ya shati. Akaniambia yule mwanamke ana kiuno kimoja tu. Nikamjibu hiyo ndiyo hoja yangu: kiuno kimoja, gauni moja, safari tatu. Watu watasema sijui kazi.

Jumamosi, 22 Juni
Nimelimaliza tatizo. Nimetia lastiki kiunoni, imara, mshono hauonekani. Bibie alipofika nikamwambia sasa litamkaa siku zote, anenepe au akonde. Hatahitaji kurudi tena. Alilishika gauni kwa muda. Akasema asante, kaka, akaenda zake. Sikuona ile furaha niliyoitarajia, na lastiki yenyewe ni ya daraja la kwanza. Dada hajanisemesha tangu saa nane.

Nimekaa na saa yangu, inanikaa vizuri mno. Mapigo: 64. Nimemkumbuka mpaka nimeshindwa kutunga uzi. Lakini nina mpango. Jumatatu nitaukwangua mkanda kwa mkasi hadi uache kunata, nikamwambie mkono wangu unahitaji kupimwa upya. Safari hii hawezi kukosa kuelewa.